Daraja la reli likizeeka, treni zipite wapi?

SWALI: Mhandisi, naishi Newark, Marekani, na kila siku napanda treni kwenda kazini New York. Lile daraja la zamani la mto Hackensack likifunguliwa kupisha boti, mara nyingine liligoma kufunga, nasi tukabaki tumekaa ndani ya behewa. Kwa nini wasilifunge miezi sita wakajenga jipya palepale, badala ya kuhangaika pembeni miaka yote hii?

JIBU: Hiyo miezi sita haipatikani, ndugu yangu. Kwenye njia kuu ya Newark hadi New York kuna reli mbili tu, na kabla ya Uviko treni kama 450 zilipita hapo Portal, hilo daraja unalolisema, kila siku. Hakuna njia nyingine ya kuzibeba zote.

Portal lilijengwa mwaka 1910. Kipande chake cha kati huzunguka juu ya nguzo iliyo mtoni. Kabla hakijazunguka, ncha za reli hunyanyuliwa. Kikirudi, kila ncha lazima ilale sawasawa mahali pake, la sivyo ishara haitoi ruhusa. Chuma kilichochakaa kikipanuka kwa joto, ncha hukataa. Mafundi wamewahi kuzigonga kwa nyundo kubwa mpaka zikae, na hayo ni kwenye reli yenye shughuli nyingi kuliko zote Marekani!

Jipya limejengwa kaskazini yake, ujenzi ukianza 2022, huku treni zikiendelea kupita kwenye kuukuu. Liko kama mita 15 juu ya maji, la zamani likiwa na mita 7, kwa hiyo boti hupita chini bila kufungua chochote. Ila treni haipandi mwinuko kwa ghafla, ndiyo maana mradi mzima una urefu wa karibu kilomita 4. Matao yake matatu ya chuma yaliungwa huko Coeymans, kando ya mto Hudson, yakaletwa kwa tishari.

Kazi inayowanyima wahandisi usingizi ni kuhamisha treni. Reli, nyaya za umeme na ishara za daraja jipya lazima ziungwe na za zamani, reli moja kwa zamu, na wakati huo treni za pande zote mbili hupokezana reli iliyobaki. Ratiba iliyopunguzwa inayowaudhi abiria inatokana na hapo.

Kujenga palepale kunawezekana, lakini kuwe na reli za ziada. Daraja la Norwalk, Connecticut, la mwaka 1896, lina reli nne: mpango wake ni kubomoa na kujenga nusu nusu, mbili zikiendelea kubeba treni. Hapo wamechagua vipande viwili vya kunyanyuka, kila kimoja na mitambo yake, ili kimoja kikigoma kingine kipitishe treni. Mimi binafsi, penye nafasi ya kupandisha reli, ningejenga daraja lisilofunguka kabisa.