Barua kwa Mwanangu: Kitongoji Kwanza, Tiketi Baadaye

Mwanangu Wakesho,

Barua yako imenifikia, na picha za wajukuu nimezitazama mpaka simu ikaisha chaji. Huyo Mghoi amechukua paji la uso la bibi yako wa Wundanyi, hilo halina ubishi.

Umeniuliza jambo moja. Mama mkwe wako anatimiza miaka sabini, anataka kuja Ireland kuona walikotoka akina Walsh, ukoo wa baba yake, nanyi mnapima kati ya ziara ya basi ya siku nane na mwongozaji wa binafsi wa siku tatu ambaye bei yake inakaribia kuwa ileile. Ipi bora? Nitajibu. Ila kuna swali linalotangulia hilo, nalo sioni kama mmeulizana: hao Walsh walitoka wapi?

Usiniambie Mayo. Mayo ni kaunti ya tatu kwa ukubwa katika kisiwa hiki, na Walsh wamejaa kila kona yake. Ndani ya kaunti kuna parokia za kanisa, kuna parokia za kiserikali ambazo mipaka yake haifuati ile ya kanisa, na chini kabisa kuna kitongoji. Kitongoji ndicho anwani ya mtu wa shamba huku. Kisiwa kizima kina vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja kwa wastani ekari mia tatu hivi, na majina yanajirudia mno. Carrowmore peke yake ziko kadhaa ndani ya Mayo. Ndiyo maana nawaambia watalii wote ninaowaendesha, na wewe umeshanisikia mpaka umechoka: kitongoji kwanza, tiketi baadaye. Mwongozaji hodari atakufikisha mahali ulipokwisha kupajua. Kukutafutia watu wako kwa siku tatu, huku saa ya malipo inakwenda na mvua inanyesha, hawezi.

Kazi inaanzia hukohuko kwenu Boston. Aliyevuka bahari alikuwa babu yake mama mkwe wako, mwaka 1883 kama wanavyosimulia. Basi msimwandame yeye peke yake. Mtafuteni na kila ndugu aliyemfuata, maana mara nyingi jina la kitongoji limeandikwa kwa dada mtu na si kwake. Cheti cha kifo cha jimbo lenu la Massachusetts kitawapa majina ya wazazi, pamoja na jina la ukoo wa mama, nalo ni dhahabu. Kama kuna ndugu aliyechukua uraia wa Marekani baada ya 1906, fomu zake zinaeleza alikozaliwa na alivyofika. Za kabla ya hapo mara nyingi zinasema "Ireland" tu. Daftari za ndoa za parokia za Kikatoliki za Boston zimewekwa mtandaoni. Nenda pia jumba la nasaba la New England, pale mtaa wa Newbury, ukae na wataalamu wao. Na msisahau gazeti la Pilot la hapo Boston: tangu 1831 hadi mwanzo wa karne ya 20 lilichapisha matangazo ya Waairishi wanaotafuta ndugu zao waliopotezana nao, na mengi yanataja parokia na kitongoji cha mtu. Boston College wameyaweka mahali pa kuyatafuta bure.

Mwaka huo 1883 umenishtua, nikuambie kweli. Kati ya 1883 na 1884, meli zilitia nanga ghuba ya Blacksod, magharibi kabisa mwa Mayo, zikachukua maskini zaidi ya 3,000 waliolipiwa nauli na mfuko wa mfadhili Mwingereza James Hack Tuke, zikawapeleka Boston na Quebec. Familia nzima zilipanda pamoja. Siku hizi kuna bustani ya kumbukumbu yao pale Blacksod. Sisemi Walsh wenu walikuwamo. Nasema mwaka unalingana na mji unalingana, kwa hiyo orodha hizo zisomwe kabla ya kitu kingine chochote.

Upande wa huku, jueni kwamba kuna shimo. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo vimeanza, ofisi ya kumbukumbu za taifa pale Four Courts mjini Dublin ililipuka ikateketea. Sensa za 1821 hadi 1851 zikawa majivu isipokuwa vipande. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imekwisha kuziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sensa kamili ya kwanza iliyobaki ni ya 1901, kisha 1911, na zote mbili zinasomwa bure. Kwa hiyo aliyeondoka 1883 hamtamkuta kwenye sensa yoyote ya huku. Tafuteni waliobaki: wazazi wake, kaka aliyerithi shamba. Mkiwapata, fungueni na ile karatasi ya pili inayoeleza nyumba. Inasema kuta ni za mawe au za udongo, paa ni la nyasi au la vigae, vyumba vingapi, na madirisha mangapi upande wa mbele. Nyumba ya madirisha mawili, watu tisa ndani, na kwenye ile karatasi ya kwanza sahihi ya baba mwenye nyumba, au alama ya msalaba kama hakujua kuandika. Mama mkwe wako ataona mengi zaidi kwenye karatasi hizo kuliko kwenye dirisha la basi.

Umri msiuamini. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa wenye miaka sabini, na katika sensa ya 1911 utaona watu wamezeeka miaka kumi na tano ndani ya kumi. Wengine walikuwa wanatafuta pensheni, wengine hawakuwahi kujua mwaka waliozaliwa.

Vizazi na vifo viliandikishwa kwa wote kuanzia 1864, na picha za daftari zenyewe zinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali ya nasaba. Kama babu alizaliwa 1864 au baadaye, huenda cheti kipo, na juu yake kuna jina la kitongoji. Kabla ya hapo ni daftari za ubatizo. Maktaba ya Taifa imeziweka mtandaoni hadi karibu 1880, bure, lakini mwandiko ni wa haraka na majina mara nyingi ni ya Kilatini: James ni Jacobus, William ni Gulielmus, Nora anaweza kuwa Honoria. Mkikwama kuchagua kati ya familia mbili, angalieni majina ya watoto. Desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kama Wakikuyu wanavyofanya. Halafu kuna uthamini wa ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, unaoitwa wa Griffith, wa kati ya 1847 na 1864, unaotaja mpangaji, mwenye ardhi, ukubwa wa shamba na namba ya kipande kwenye ramani. Namba hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kusimama leo kwenye uzio uleule.

Sasa nikueleze kwa nini nashupalia hivi. Kulikuwa na mama mmoja mzee kutoka Chicago, amekuja na kundi, na kampuni ilimwahidi kwamba siku moja basi dogo litachepuka limpeleke Carrowmore ya babu zake. Likampeleka. Mwongozaji wake aliwaonyesha kuta mbili za mawe zilizobaki na mti wa mwiba, akatoa dakika ishirini. Yule mama alipiga magoti kwenye matope, akasali rozari, akachota udongo kwa mkono akaufunga kwenye leso nyeupe. Jioni hotelini tulikaa meza moja, akanionyesha leso, na ile karatasi ya ubatizo aliyoitunza tangu kwa mama yake. Nikaisoma. Parokia iliyoandikwa pale ilikuwa upande mwingine kabisa wa kaunti. Walimpeleka Carrowmore iliyokuwa njiani.

Nilimwambia. Ndege yake ilikuwa alfajiri. Alikunja ile karatasi polepole, akanishukuru, akaenda kulala.

Mpaka leo naubishia moyo wangu. Upande mmoja nasema: alikuwa amekwisha kusali, ametosheka, ningemwachia leso yake. Kwani Mungu hajui Carrowmore ipi? Upande mwingine nawakumbuka wazee wetu wa Taita waliohifadhi mafuvu ya wazazi wao mapangoni. Kila ukoo ulijua pango lake, na hakuna ambaye angekubali kuambiwa nenda lile pango la jirani kwa kuwa liko karibu na barabara. Mtu akipiga magoti, apige mahali pake. Hapo ndipo ninapoegemea, ingawa uso wa yule mama unanirudisha nyuma. Lakini kwa kampuni ile sina mizani mbili. Karatasi ilikuwa mkononi mwa mteja. Kuisoma kungechukua dakika moja.

Basi, swali lako. Ziara ya basi si mbaya kwa kazi yake: mwamba wa Moher, Killarney, maktaba ya Trinity, hoteli zimepangwa, mizigo inabebwa, na mtu wa miaka sabini hasumbuki. Lakini basi la watu arobaini na kitu haliingii njia za vitongoji, ambazo zina upana wa gari moja na majani yanaota katikati, na ratiba haimsubiri mtu mmoja. Mwongozaji wa binafsi anaingia. Kabla hujamlipa, muulize mambo haya: atasoma nyaraka zenu kabla ya safari au siku ileile? Utafiti umo kwenye bei au unalipiwa kando? Amekwisha kuongea na mwenye shamba? Maana huku hakuna haki ya kukatiza ardhi ya mtu, mabaki ya nyumba yapo katikati ya malisho, na fahali hajui kama mmetoka Boston. Mnaomba ruhusa, na geti mnaliacha kama mlivyolikuta.

Ofisi ya parokia iandikieni wiki kadhaa mbele, mtaje majina na miaka, mtoe sadaka. Pangeni Jumapili iwe kwenye kijiji husika, mwende misa, mkitoka msimame nje. Hapo ndipo mzee fulani atasema, "Walsh gani? Wa kule juu au wa darajani?" Swali hilo haliulizwi ofisini, na jibu lake linaweza kuwapa binamu aliye hai. Kuhusu makaburi, mwandaeni mama mkwe wako: familia maskini nyingi hazikuweka jiwe lenye jina, na waliokufa kwenye Njaa Kuu ya katikati ya karne ya 19 wengi wamelala bila alama. Viatu vya mpira, suruali ndefu, upupu wa huku unawasha. Mwisho wa Mei na Juni ndio wakati mzuri, jua linachelewa kuzama.

Kwa hiyo kama kitongoji kitapatikana kabla ya Februari, chukueni mwongozaji. Kisipopatikana, chukueni basi, mfurahie mandhari, na msimruhusu mtu yeyote awaonyeshe kuta mbili na kusema ndipo hapa.

Mambo mawili ya haraka. Kipimo cha DNA apime mama mkwe wako, si wajukuu. Yeye yuko vizazi viwili karibu zaidi. Na kwa kuwa babu yake alizaliwa kisiwani, anaweza kuomba uraia wa Ireland kupitia daftari la waliozaliwa nje. Yeye tu. Kwa njia hiyo mumeo Brendan hapati, kwa kuwa mama yake hakuwa ameandikishwa kabla yeye hajazaliwa. Wewe na pasi yako ya Kenya utahitaji viza ya huku, na viza hiyo haikuruhusu kuingia Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, hata kama barabarani hutaona mpaka wowote.

Limebaki lile la Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji pale New York. Mama mkwe wako anapenda kusimulia kwamba babu alishuka pale mwaka 1883 na karani akamkata jina. Kituo kile kilifunguliwa Januari 1, 1892, na makarani wake walisoma majina kwenye orodha zilizokuja na meli, hawakuwa wakiyatunga. Aambiwe au asiambiwe? Ni mama mkwe wako, si wangu. Unajua ningefanya nini mimi, lakini safari hii naacha mkononi mwako.

Mwambie Brendan ageuze kila picha ya zamani na kila kadi ya misa ya wafu aangalie nyuma, kisha anitumie picha za pande zote mbili. Mwezi ujao nina wageni Dublin na nitapata asubuhi moja Maktaba ya Taifa, mtaa wa Kildare, ambako washauri wa nasaba hawatozi kitu. Nikiwa na majina ya wazazi na mwaka wa ndoa yao, nitaanza nao.

Wasalimie wote.

Baba yako