Dar haisumbui, ikifika Kitonga inachemsha

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Vitz cc 990, naenda nayo kazini kila siku, foleni ya Kimara mpaka Ubungo AC iko on na haijawahi kunisumbua hata siku moja. Shida ni safari za Iringa, tukianza tu kupandisha mlima Kitonga taa nyekundu ya temperecha inawaka na rizavu, ile chupa ya maji ya ziada, inatema maji. Fundi wa kwanza katoa themostati, ile vali inayofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto, akasema huku kwetu kwenye joto haina kazi. Wa pili kanifungia feni mpya na kaiunga direct. Juzi imechemsha palepale, na sasa wa tatu anataka kushusha silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Maji naongeza kama nusu lita kila wiki, nachota kisima cha nyumbani. Nimruhusu? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hela iliyokwisha kwenda. Usimruhusu kwanza. Kwenye swali lako umeshasema kitu ambacho mafundi wote watatu walitakiwa wakuulize kabla hawajashika spana, gari inachemsha wapi? Ikichemsha foleni halafu ukipata barabara inapoa, hapo mtuhumiwa wa kwanza ni feni, maana ukiwa umesimama upepo wote wa rejeta unatoka kwenye feni. Yako ni kinyume, foleni na AC inavumilia, mlima na mzigo inashindwa. Mlimani injini inatoa joto jingi sana na rejeta haiwezi kulitoa lote. Kwa hiyo ile feni ya zamani haikuwa na kosa, na hii mpya irudishwe kwenye swichi yake, kuzunguka muda wote kunaiua mapema tu.

Mimi naanza na maji yako ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, angalia birika la chai la nyumbani, ule ukoko mweupe chini ndio huohuo unajijenga ndani ya vile vimrija vyembamba vya rejeta. Ili ujue, washa gari mpaka ipate moto, zima, chomoa waya wa feni, kisha pitisha mkono polepole mbele ya rejeta bila kugusa kepi (mfuniko wa rejeta) wala hozi. Ukikuta sehemu ya moto na pembeni yake sehemu ya baridi, hiyo ya baridi maji hayapiti. Rejeta ya hivyo ifunguliwe isafishwe au ibadilishwe, na baada ya hapo weka kulanti, ule maji maalumu ya rejeta yanayouzwa dukani, sio maji ya bomba wala ya kisima. Chungulia pia kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile kama rejeta nyingine iliyo mbele yake, huwa pamejaa matope na wadudu na mtu wa kuosha gari hapaoni kabisa.

Halafu kepi. Watu wanaidharau kwa sababu ni ya bei ndogo, lakini ndiyo inayobana presha, na ikibana vizuri ile iliyoandikwa 1.1 (kipimo cha presha) maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla hayajachemka. Raba yake ikikakamaa presha haipo, na kule juu Iringa, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo nyuzi hizo zinavyoshuka, umeona mwenyewe kwa nini Dar unapona na mlimani unaumbuka.

Ile nusu lita ya kila wiki inaenda mahali, haiyeyuki tu. Tafuta alama nyeupe za maji yaliyokauka kwenye wota pampu na maungio ya hozi, papasa na zulia la mbele kama limelowa, hita nayo huvuja. Kama kote kukavu ndio tunaigeukia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua kepi, jaza maji, piga stata, mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kuna na ile dawa ya bluu ya kupima mdomoni mwa rejeta, ikigeuka njano basi hapo mpe fundi wako hedi aishushe, na kabla ya kurudisha aipime kama imepinda.

Ukiwa mlimani na taa ikawaka, zima AC, fungulia hita mpaka mwisho, egesha pembeni, zima injini. Subiri nusu saa au zaidi. Nimemshuhudia kijana pale chini ya Kitonga akifungua kepi kwa kitambaa, maji yakaruka yakamvua ngozi ya mkono mpaka kwenye kiwiko, nakuomba sana usijaribu. Wala usimwagie injini maji baridi, hedi ni ya alumini, inapinda.

Na themostati irudi. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta, tena kuna za aina ambayo ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato, ukiitoa maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Kama fundi hakuitupa, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, iwe inaning'inia kwa uzi isiguse chini, washa moto. Nyingi za gari hizi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, yaani kabla maji hayajachemka. Ikifunguka irudishe kwenye gari, maji yakichemka nayo bado imebana, nunua nyingine.