Ukimuuliza bibi kama anavuta sigara, atakujibu hapana

Nenda kijiji chochote cha Bahi au Chamwino, umuulize bibi, "Unavuta sigara?" Atasema hapana, na ni kweli havuti. Utaandika hapana kwenye daftari na kuondoka, huku ugoro umefungwa kwenye ncha ya khanga yake. Katika kazi yangu ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, mimi huuliza hivi: "Shikamoo bibi. Ugoro unatumia? Wa kunusa au wa kuweka mdomoni?" Hapo ndipo maongezi yanapoanza.

Elimu yetu ya tumbaku imemlenga mtu mwenye pakiti mfukoni, na huku wengi hawaishiki hiyo pakiti. Kijana wa bodaboda ananunua fegi moja moja kibandani, kwa hiyo onyo la kwenye pakiti analiona muuza duka peke yake. Ugoro wa kupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye nailoni hauna onyo hata la kusingizia. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja, maana ndizo ambazo mtoto anazimudu. Pita mnadani uone zinavyouzwa. Inaniumiza sana.

Basi onyo litoke kinywani mwako, uwe mhudumu, mwalimu au balozi wa nyumba kumi. Usimkemee mzee, wazee wetu hukaribishana ugoro kwa heshima. Kaa naye, umweleze kuwa ugoro hauna moshi lakini una nikotini, na magadi yanayochanganywa humo huifanya iingie mwilini upesi zaidi. Tumbaku ya kuweka mdomoni huleta saratani ya kinywa. Mjamzito anayeitumia yuko katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo au aliyefia tumboni. Wapo wanaoitumia kutuliza kichefuchefu, kwa hiyo muulize faraghani, mama mkwe asiwepo.

Kijana mwongeleshe hela. Tuseme anavuta 5 kwa siku, kila moja shilingi 200: kwa mwezi ni 30,000, kiasi kilekile ambacho kaya ya watu 6 ilichangia CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa mwaka mzima. Mwachie apige hesabu mwenyewe.

Akikohoa zaidi ya wiki 2, usikubali akuambie ni kikohozi cha sigara tu. Uvutaji huongeza takriban maradufu hatari ya kuugua kifua kikuu. Mpeleke akapimwe makohozi. Kipimo ni bure, na dawa pia.

Kuhusu kuacha, dawa za kusaidia ni adimu kwenye zahanati zetu, kwa hiyo panga namna ya kuikabili arosto, yaani mateso ya mwili unaodai nikotini. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo mbaya: hasira, usingizi kukatika, kichwa kuuma. Baada ya wiki chache inalegea. Asianze wiki ya mnada, na kilabuni asikanyage kwa muda. Hamu ikimpanda, hudumu dakika chache tu. Anywe maji, amumunye ubuyu, atembee. Mke au kaka aambiwe mapema, ili hasira zake wasizichukulie vibaya.

Wengi hurudia kabla ya kuacha moja kwa moja. Akirudia, nenda tena kwake bila kumsuta, muulize nini kilimrudisha, na mpange tarehe nyingine.