Theluji ya upande mmoja kwenye programu ya kenchi

Kaka, hiyo nyumba ya Ujerumani unayoichora ukiwa Chumbageni, Tanga, theluji usiiweke kama mzigo mmoja sawasawa. Kwa paa la pande mbili Eurocode, yaani kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo, inataka hali tatu za mzigo: pande zote kamili, kushoto nusu na kulia kamili, kisha kinyume chake. Mteremko ukiwa chini ya digrii 30 kizidishi, yaani namba ya kuzidishia mzigo wa theluji ya ardhini, ni 0.8, basi upande wa nusu unaandika 0.4. Iambie programu hali hizo tatu hazitokei pamoja, la sivyo itazijumlisha zote upate kenchi za kubebea meli! Halafu kagua zile mbao za mshazari katikati ya kenchi. Mara nyingi zinazidiwa na hali ya nusu, wala si ile iliyojaa. Sisi Tanga tuhangaike na upepo tu.