Msilipe Deni Lote kwa Mkupuo

Ndugu wakigundua kwamba kijana wao amezama kwenye madeni kwa sababu ya kubeti, jambo la kwanza wanalolifanya, hasa huku kwetu Kilimanjaro na Arusha, ni kuitisha kikao, na jambo la kwanza linalojadiliwa kikaoni ni nani atatoa kiasi gani. Hesabu inapigwa, mwenye laki tano anatoa, ng'ombe anauzwa, deni linafutwa, kijana anaapa mbele ya wazee, na watu wanarudi makwao wakiamini kwamba kazi imekwisha. Ushauri wangu, ambao najua utawaudhi baadhi ya wazee, ni kwamba msifanye hivyo. Deni la mtu anayeacha kubeti linapaswa kulipwa polepole, kutoka kwenye kipato chake mwenyewe, lakini kwa mkono wa mtu mwingine.

Nayasema haya nikiwa dada mkubwa niliyeshika fedha za mdogo wangu katika kipindi chote cha kulipa madeni yake. Yeye ni dereva wa utalii na anaishi na familia yake Kijenge, Arusha. Mimi nina duka Moshi, na kwa miaka mingi nimekuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama, kwa hiyo mambo ya marejesho na wadaiwa sugu si mageni kwangu. Madeni yake yalipoorodheshwa yote yalifika shilingi 19,400,000. SACCOS, yaani chama chake cha akiba na mikopo, ilikuwa inamdai 7,200,000, wakopeshaji wa kausha damu, wale wa mtaani wenye riba kubwa, 3,150,000, mikopo ya kwenye simu 1,650,000, mwajiri 1,400,000, na marafiki pamoja na ndugu 6,000,000. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Familia ilikuwa imekwisha kumlipia deni zima wakati mmoja huko nyuma, na deni lililofuata ndilo hili, kubwa kuliko lile.

Sababu yake si ukosefu wa shukrani. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi ya uraibu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, na tabia yake kuu ni kuendelea kucheza ingawa madhara yanaonekana. Mtu aliyechaniwa mkeka, yaani tiketi yake ya mechi nyingi imepotea, kwa sababu ya mechi moja tu haoni kwamba ameshindwa. Anaona kwamba alikaribia, na anarudi kuifukuzia fedha iliyopotea. Sasa mtu wa namna hiyo ukimfutia deni lote kwa siku moja, unamwondolea kizuizi cha mwisho alichokuwa nacho, yaani kukosa pa kukopa. Mikopo ya simu humpandishia kiwango mteja aliyelipa vizuri, na mkopeshaji wa mtaani humpokea kwa tabasamu yule aliyemaliza. Mtu aliyekuwa amefungiwa milango yote anaamka asubuhi akiikuta iko wazi.

Kwa hoja hiyohiyo nilipinga mkopo mmoja mkubwa wa kufuta mikopo midogo. Kwa mtu mwenye nidhamu ya fedha ni njia nzuri, kwa sababu riba inapungua na tarehe ya rejesho inakuwa moja. Kwa anayeacha kubeti ni mkupuo uleule uliovaa suti. Mtu mmoja mwenye nia njema alishauri nyumba ya Kijenge iwekwe rehani, na wifi yangu akakataa kusaini. Alikuwa na haki kamili, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Wake za wadaiwa wengi husaini kwa kubembelezwa au kwa kuogopa maneno ya mashemeji. Mimi ni shemeji wa kike mmojawapo, na nasema asisaini.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, andikeni. Tulikaa mezani na kaunta buku na simu yake, tukafungua ujumbe mmoja baada ya mwingine, na kila deni likapewa ukurasa wake: nani anadai, alichukua kiasi gani, amekwisha kurudisha kiasi gani, kuna dhamana gani, nani mdhamini. Msitegemee orodha ikamilike kwa kikao kimoja. Anayebeti amezoea kuficha kiasi kwamba hata anapoamua kusema kweli, anaisema kwa mafungu. Tulikuwa tumekwisha kufunga daftari na wifi ameleta chai, ndipo akasema huku akitazama kikombe, "Dada, kuna mwingine." Sikugomba. Nilifungua ukurasa mpya, kwa sababu ukimfokea anayetaja deni la mwisho, lile linalofuata hutalisikia kwake, utalisikia kwa mdai mwenyewe akiwa mlangoni.

Siku hiyohiyo piga *106# kwenye simu yake ili muone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Laini moja iliyosahaulika inatosha kuwa na akaunti ya kubetia na mkopo wake. Zisizohitajika zifungwe, programu za kubeti na ile michezo ya kamari ya vindege vya kwenye simu vifutwe, na kila kampuni aliyokuwa akichezea iandikiwe ombi la kumfungia akaunti moja kwa moja. Yeye mwenyewe ndiye aandike, ninyi mbaki na nakala.

Baada ya hapo inakuja kazi ngumu zaidi, ambayo ni kutenganisha mtu na fedha bila kumvunjia heshima. Tulifungua akaunti ya pamoja isiyo na kadi wala huduma ya simu, ambayo fedha haitoki mpaka saini mbili ziwepo, na malipo yake ya safari yakaelekezwa huko. Hilo lilikuwa rahisi. Tundu lilikuwa kwenye tipu. Dereva wa utalii hukabidhiwa bahasha na wageni siku ya mwisho ya safari, mara nyingi fedha taslimu na mara nyingi dola, na kati ya anapowaacha wageni na anapofika nyumbani kuna mji mzima wenye vibanda vya kubetia na mashine za kamari za dubwi. Tulikubaliana kwamba bahasha haifunguliwi njiani. Anafika, anaiweka mezani mbele ya mkewe, noti zinahesabiwa, kiasi kinaandikwa, na kesho yake wifi ndiye anayekwenda kubadilisha. Mwanzoni alikuwa akiiweka kwa kuitupa kidogo, kama mtu anayekabidhi silaha. Acheni aitupe, cha msingi ni kwamba imefika. Posho yake ya wiki, ya chakula, nauli na vocha, apewe bila kudaiwa risiti ya kila andazi, kwa maana mtu mzima anayeombewa maelezo ya shilingi elfu mbili atatafuta njia ya kuwa na elfu mbili zisizo na maelezo.

Nani alipwe kwanza? Wadai wenye kelele hupenda kuwa wa kwanza, na ndiyo maana nasisitiza kwamba sauti ya mdai isiwe kigezo. Kwetu chakula na ada ya watoto vilitangulia madeni yote. Kisha ikafuata SACCOS, ingawa riba yake ndiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu wadhamini wawili, watu wenye familia zao, walikuwa wameanza kukatwa akiba zao. Watu wa hesabu watasema kwamba ilibidi tuanze na riba kubwa. Ni kweli kwa karatasi, lakini mtu anayepona hawezi kupona vizuri huku akikutana kila siku na mwenzake anayekatwa kwa ajili yake. Tulikwenda ofisini, tukaomba rejesho lipunguzwe na muda uongezwe, wakakubali kwa maandishi.

Kausha damu wanahitaji utulivu. Mkopo wa 500,000 unaorejeshwa 70,000 kila wiki kwa wiki kumi unakuwa 700,000, yaani riba ya 200,000 ndani ya miezi miwili na nusu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wanaopewa leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa kipimo hicho, hata ukikokotoa kwa mtaji wote bila kupunguza, riba ya muda huohuo ingekuwa 43,750. Ukiifahamu hesabu hii huendi kwa mkopeshaji kupiga magoti, wala huendi kumtishia. Unakwenda na shahidi, unauliza leseni, unapendekeza kulipa mtaji uliobaki na riba inayokubalika kisheria, na unaomba makubaliano yaandikwe. Mmoja wa wakopeshaji watatu wa kausha damu waliokuwa wanamdai alikuwa ameishikilia kadi ya benki ya mdogo wangu pamoja na namba yake ya siri, na hapo hapakuwa na la kujadili: tulikwenda tawini, kadi ikafungwa.

Zile programu za mikopo za kwenye simu ndizo zilizotunyima usingizi, si kwa ukubwa wa deni bali kwa fedheha. Mwajiri, mchungaji na wateja wangu wa dukani walipokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu zinazokopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu dhidi ya matumizi ya namna hii ya namba za watu wake. Hifadhini kila ujumbe na mlalamike rasmi. Lakini dawa iliyofanya kazi haraka zaidi ilikuwa kuwatangulia: mdogo wangu aliwaambia mwenyewe watu wake wa karibu kwamba anadaiwa, ana mpango wa kulipa, na wasijibu ujumbe wowote. Aibu iliyokwisha kusemwa haina tena bei kwa mkopeshaji.

Marafiki wakaja mwisho, ila hawakuachwa kimya. Kila mmoja alipigiwa simu, akaambiwa mwezi atakaoanza kulipwa, na waliokuwa na shida ya kweli walipewa kidogo kidogo. Walionikatisha tamaa ni wale waliosema "yaache tu," kwa sababu deni lililosamehewa kwa huruma humrudia mtu kwa njia nyingine. Tuliwashukuru na tukawalipa.

Jambo ambalo sijaona likisemwa sana ni majira. Kipato cha utalii hakiji sawasawa mwaka mzima: kuanzia Juni hadi Oktoba kuna kazi, Desemba hadi Februari kuna kazi, lakini masika ya Aprili na Mei magari yanalala. Na Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo ligi za Ulaya zinafikia ukingoni, kila mechi inaamua jambo, na vijiwe vyote havina mazungumzo mengine. Yaani kijana hana kazi, hana fedha, ana muda, na mipira ndiyo imepamba moto. Kwa sababu hiyo, wakati wa msimu msipeleke kila kitu kwenye madeni hata kama wadai wanaona magari ya kampuni yake yakipita kila siku. Tuligawa kila malipo mafungu matatu, la nyumbani, la madeni na la masika, na fungu la masika halikuguswa kwa sababu yoyote. Fedha ikiwepo Aprili, rejesho linaendelea na hakuna anayetafuta mkopo mpya. Kuhusu muda, alikwenda Machame kusaidia kupalilia kahawa na kukarabati mfereji, na jioni akawa amechoka kiasi cha kutotamani kijiwe.

Desemba nayo ina mtego wake. Kila Mchagga anarudi nyumbani, na anayetoka Arusha na gari la utalii anategemewa kuja na mbuzi, kreti za soda na bahasha ya kila shangazi. Ongeza kadi za michango ya harusi na za kipaimara. Nilimwomba baba mdogo, aliyekuwa ametaka shamba la Kahe liuzwe ili deni lote life, awaambie wengine mapema kwamba mwaka huo kijana hatachangia kitu. Nashukuru alisema, na kwa uzito ambao mimi mwanamke nisingeupata kikaoni.

Fedha peke yake haitoshi. Hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi zina huduma za afya ya akili, na kamari ni sababu halali ya kwenda. Mtu mwenye deni kubwa akianza kusema kwamba bora asingekuwepo, au kwamba familia ingepumzika bila yeye, msichukulie kuwa ni maneno ya hasira. Msimwache peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akirudi kubeti, na wengi hurudi angalau mara moja, kiasi kilichopotea kiandikwe kwenye daftari, wifi aambiwe, na mpango wa malipo uendelee palepale ulipokuwa. Msifiche, wala msirudi kwenye kikao cha kuapa.

Udhibiti wa fedha unarudishwa kwa hatua. Tulianza na mafuta ya gari na matengenezo, baadaye ada ya mtoto mmoja, na akaunti ya saini mbili bado ipo. Tahadhari ya mwisho ni ya siku ambayo rejesho la mwisho litaingia, kwa sababu wiki hiyohiyo simu italeta ujumbe wa kiwango kipya na ofisi itampigia kumwambia kwamba sasa anastahili mara mbili ya mkopo wa kwanza. Andaeni jibu kabla. Mdogo wangu alipeleka barua SACCOS akiwa bado anadaiwa, akiomba jalada lake liandikwe kwamba hatapewa mkopo wala kukubaliwa kuwa mdhamini mpaka yeye na mkewe wafike pamoja kuomba. Karani aliisoma mara mbili, akauliza kama kweli ndivyo anavyotaka, kisha akaigonga muhuri.