Mkopo wa kusomea afya: maswali yenu kuhusu mshahara na deni

Wiki hii karibu maswali yote yamegusa kitu kimoja, kukopa ili kusomea mambo ya afya, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Dada, nimepata nafasi ya digrii ya sayansi za afya, miaka 4, karibu yote kwa mkopo. Nyumbani wote wanasema afya haikosi kazi. Nikubali?

Mdogo wangu hongera kwanza. Ila usijibu mtu yeyote kabla hujajua hii digrii ikiisha inakupa leseni au haikupi, maana hapo ndipo watu wengi wanaumia na hakuna anayewaambia mapema. Uuguzi, maabara, radiolojia, famasia, fiziotherapia, hizi ukimaliza unafanya mitihani na unasajiliwa na baraza la taaluma yako halafu unaajiriwa kwa jina la kazi yenyewe. Sasa digrii inayoitwa tu "sayansi za afya" vyuo vingi inakuwa ni msingi, unasoma anatomia, takwimu, afya ya jamii, uongozi wa huduma, ni masomo mazuri kabisa sikatai, lakini siku ya kuomba kazi hospitali inatafuta muuguzi au mtaalamu wa maabara na wewe cheti chako hakikutaji popote. Wengi wanajikuta wanarudi kusoma tena miaka 2 au 3 ndio wapate leseni, yaani mkopo juu ya mkopo, na hiyo miaka yote hawaingizi hata senti.

Kwa hiyo nenda chuoni uliza kwa maandishi: nikimaliza nasajiliwa na baraza gani, kwa cheo gani? Na waliomaliza mwaka juzi wako wapi sa hivi? Watafute wawili watatu uongee nao mwenyewe. Wakikujibu kwa kuzunguka zunguka, chukua hilo kama jibu. Mimi kwa moyo wangu wote ningekwambia kama kuna kozi ya leseni unayoweza kuingia hapo hapo chuoni, hamia huko kabla hujasaini mkopo.

Deni likifika kiasi gani ndio limezidi?

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: deni lote siku unayomaliza lisizidi mshahara wa mwaka wako wa kwanza kazini. Nasema wa KWANZA, sio ule wastani unaouona kwenye matangazo ya vyuo, maana wastani unavutwa juu na mabingwa wachache wenye miaka 20 kazini. Na hesabu mshahara wa msingi, posho za shifti za usiku na ovataimu usiziweke, zinakuja na kuondoka.

Tuchukue mfano, hela yoyote ile unayotumia. Unakopa 2,500 kila mwaka kwa miaka 4, riba 6%. Wewe unajua unadaiwa 10,000 lakini kama riba inahesabiwa tangu ukiwa darasani (kuna mikopo ambayo haihesabu mpaka umalize, uliza) basi siku ya mahafali unadaiwa 11,500. Ukilipa miaka 10 ni kama 128 kwa mwezi, jumla yake inakaribia 15,300. Mtu anayeanza na mshahara wa 11,500 kwa mwaka hapo anatoa kama 13% ya mshahara kabla ya kodi, inabana ila anaishi. Anayeanza na nusu ya huo, hayo makato yatamkalia shingoni, na bado kuna kodi ya nyumba, nauli, na wazazi wanaosubiri.

Halafu uliza riba inahesabiwaje. Kama ni juu ya salio linalobaki ni hiyo niliyopiga, kama ni riba ya moja kwa moja juu ya deni la mwanzo kwa miaka yote 10, hiyo 6% ileile inakupeleka mpaka 18,400. Karatasi zote mbili zimeandikwa 6%!

Mimi ni mama, binti yangu anataka nimdhamini. Mdhamini anabeba nini hasa?

Mama, mara nyingi anabeba deni lote. Yeye asipolipa wanakuja kwako. Soma kwanza sehemu inayosema nini kinatokea akiacha chuo katikati au akichelewa kupata kazi, na muulize binti kama mafunzo kwa vitendo yanalipwa, maana kozi nyingi za afya zina miezi mingi ya wodini bila malipo na muda huo hawezi kufanya kibarua kingine. Kuna na sare, chanjo, ada za mtihani wa leseni, vitu ambavyo havimo kwenye karatasi ya ada.

Nina diploma ya uuguzi na nafanya kazi. Nikope niende digrii?

Usiache kazi kama kuna namna ya kusoma huku unalipwa. Waulize waajiri wako digrii inaongeza kiasi gani kwenye mshahara, kisha gawanya gharama yote ya kusoma kwa hiyo nyongeza ya mwaka. Ikija miaka 3 au 4, nenda. Ikija 12, subiri mwajiri anayesomesha.

Dunia ina upungufu wa wahudumu wa afya, si nitalipa deni haraka nikienda nje?

Upungufu ni kweli kaka, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria utafika karibu watu milioni 11 ifikapo 2030. Lakini upungufu wodini na nafasi iliyotengewa bajeti ni vitu viwili, ndio maana kuna nchi zina wauguzi wako nyumbani na wodi hazina watu. Na leseni haivuki mpaka yenyewe, kuna mtihani wa lugha, uhakiki wa vyeti, mara nyingi mtihani mwingine wa taaluma, inaweza kuchukua mwaka na zaidi huku marejesho yameshaanza. Piga hesabu ya mshahara wa hapo ulipo, ukienda nje iwe nyongeza.

Nimeshaanza kulipa, nirefushe toka miaka 10 mpaka 20 ili makato yapungue?

Kwa ule mfano wa 11,500 utashuka toka 128 mpaka kama 82 kwa mwezi, ila jumla inapanda toka 15,300 mpaka karibu 19,800. Kama bila hivyo unashindwa kula, refusha. Ila uliza kama unaruhusiwa kulipa zaidi bila faini, na ukiongezewa mshahara anza kurudisha ile 128.