Mwanasaikolojia kuwa bosi wa madaktari? Inawezekana

Ndugu, umeuliza kama mwanasaikolojia wa tiba anayehudumia maveterani wa jeshi Marekani anaishia chumba cha ushauri tu. Hapana. Hospitali za maveterani huko zinafundisha wanasaikolojia tangu 1946, na wapo wanaopanda hadi kuongoza huduma yote ya afya ya akili, madaktari wa akili wakiwa chini yao. Njia ni ndefu: shahada ya uzamivu, mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo, kisha leseni. Ya jimbo lolote inatosha, hata kama kituo chako kiko jimbo jingine.

Ila kazi yenyewe ndiyo hii: mwanajeshi wa zamani, bado anaandamwa na vita, kageuza kiti aone mlango, nawe unamwomba asimulie siku ile ya mlipuko, macho kafumba, kana kwamba inatokea sasa hivi. Anarekodiwa, akajisikilize nyumbani, mpaka hofu ipoe. Wengine hawarudi. Ukishapewa uongozi, vikao hivyo vinapungua. Unabaki na bajeti, ratiba na foleni ya wanaosubiri. Mimi ningeng'ang'ania kubaki na wagonjwa wawili watatu.